Kaburi la mawe nililomwonyesha baba, Ifakara miaka ya hamsini

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea mapema, maana humu sidhani kama yupo wa kunizidi umri. Nina themanini na ushee, naandika kwa kidole kimoja. Sitii chumvi. Jambo hili nimelibeba tangu nina miaka kumi na mitatu.

Baba alikuwa fundi mwashi. Yale makaburi ya mawe uani kwa kanisa, mengi ni mkono wake. Mawe yalitoka milimani, upande wa Kisawasawa.

Mama akafariki masika, mto umefurika. Tulimzika kwenye tope, hapohapo uani kwa kanisa.

Kwetu bondeni kaburi halijengewi mwaka huohuo. Udongo unaachwa uzame kwanza, la sivyo mawe yanapasuka. Baba akaweka msalaba wa mti. Mama mkubwa akafudikiza chungu cha marehemu pale kichwani, kimetobolewa kitako, ndiyo desturi yetu. Kisha baba akaenda kujenga Lupiro, ng'ambo ya mto, akaniachia mimi kazi ya kupalilia na kutunza alama.

Mchwa wakala msalaba. Kikabaki chungu.

Ilipokaribia Siku ya Marehemu, mwezi wa Novemba, wenzangu wa shule ya misheni wakanicheka, eti kwa mama yako kuna jalala. Ujinga wa utoto jamani! Nikakitupa mtoni kile chungu, nikafagia pakawa peupe.

Masika yakarudi na mafuriko. Maji yalipotoka, vile vilima vya udongo vya makaburi yasiyojengewa havikuwepo tena, pote sawasawa.

Kiangazi baba akaja na mawe aliyoyachagua moja moja. Akazunguka, akasimama.

"Mwanangu, mama yako yuko wapi?"

Niliogopa. Si kipigo, baba hakuwa mpigaji. Niliogopa kumwangalia usoni. Nikanyoosha kidole.

"Hapa, baba."

Akajenga wiki mbili. Kaburi zuri kuliko ya mapadri, na halijapasuka hadi leo. Naye alipokufa tukamzika ubavuni pake, kama alivyoomba.

Wakuu, sijui baba amelala na nani.

Kila Novemba mshumaa wa baba nauwasha pale. Wa mama nazunguka nao kwenye nyasi, sijui pa kuuweka.

Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla watu hawajajenga juu yake.

Na kama kuna mwenye mtu wake aliyezikwa pale miaka ile bila alama, aandike hapa chini. Huenda wake ndiye aliyejengewa na baba yangu.