Gololi ya Foromani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na mwiko mpya, na nikakaa nao miezi minane bila kuugusisha simenti. Ilikuwa kwenye shamba la mkonge upande wa Mwera, Pangani, ambako yalikuwa yanajengwa mabafu ya wafanyakazi, safu mbili zinazotazamana. Nilidhani nitaanza kwa kupanga matofali. Foromani, yaani msimamizi wetu wa ujenzi, alikuwa mtu mfupi wa kutoka milimani, Mkatoliki, na kabla ya saa nne asubuhi humwoni akicheka. Aliutazama ule mwiko.

"Umenunua mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Uweke. Karai lile pale."

Nikawa saidia fundi: kuchekecha mchanga, kukoroga simenti, kubeba maji. Jioni Foromani akatuita sote kwenye bafu moja lililokuwa limekwisha. Akatoa gololi kwenye mfuko wa shati, hizi za kioo wanazochezea watoto, ya kijani. Akachutama, akaiweka kwenye kona ya kwanza. Ikabingirika yenyewe mpaka kwenye tundu la kutolea maji. Kona ya pili, ikaenda. Ya tatu, ikaenda. Ya nne ikasogea kidogo, ikasimama.

"Vunja," akamwambia fundi aliyelijenga.

"Foromani, maji si gololi. Yatapita tu."

"Yatapita yakipenda. Mimi nataka yapite hata yasipopenda. Vunja."

Fundi akavunja. Mimi nikabeba kifusi, na huo ndio mwanzo wangu.

Naandika haya nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mlangoni mwa bafu langu mwenyewe hapa Makorora, Tanga mjini, nasubiri simenti ishike. Kila baada ya mistari miwili nainuka kwenda kuigusa. Sijui kukaa, tangu zamani sijui. Mke wangu yuko Muheza kwa binti yetu Zuhura, mwezi wa nne sasa, na Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kulitazama bafu hili. Kutazama tu, ndivyo alivyosema. Likimridhisha atabaki. Lisipomridhisha atarudi Muheza, na safari hiyo sidhani kama nitapata maneno ya kumrudisha. Sababu nitaieleza, lakini acheni nianze na kazi, maana bila kuielewa kazi hamtaona ukubwa wa kosa langu.

Bafu dogo ni gumu kuliko ukumbi. Sakafu yake inatakiwa ionekane imelala, kumbe inashuka. Huo ndio mteremko: kwa kila hatua moja ya mtu mzima, sakafu ishuke upana wa kidole, kutoka kila upande, kuelekea kwenye tundu. Ukizidisha, mtu anateleza. Ukipunguza, maji yanalala. Tulipima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kwa sababu maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja. Halafu tunavuta uzi kutoka ukutani mpaka kwenye tundu. Na tundu linawekwa kwanza, sakafu baadaye. Ukianza na sakafu ukamalizia na tundu, umekwisha.

Foromani alikuwa na kipimo kingine. Akiingia nyumba ya mtu yeyote, hata kwenye msiba, lazima achungulie nyuma ya mlango wa bafu. "Ukikuta ufagio pale," alituambia, "jua fundi alikimbia. Mwenye nyumba anayafagia maji ambayo fundi alitakiwa ayatume."

Shamba lilipopunguza watu, Foromani alipata kazi kwenye ofisi moja ya majengo mjini Tanga, akanivuta na mimi. Huko juu yetu alikuwepo Bwana Injinia, kijana msafi, kalamu tatu mfukoni. Siku moja tulimwita aone maji yaliyolala kwenye bafu la nyumba ya mtumishi. Bwana Injinia akafungua mchoro, akatuonyesha kwa kalamu. "Mbona mteremko upo?" Foromani akamjibu kwa adabu zote, "Upo, mheshimiwa. Tumwombe mtumishi awe anaogea kwenye mchoro." Tulipelekwa wote wawili kupaka chokaa miezi mitatu.

Jumamosi na Jumapili tulifanya kazi za watu binafsi, hasa kwa wenye maduka wa Kihindi pale mjini. Foromani, na Ukatoliki wake, swali lake la kwanza katika nyumba ya Mwislamu halikuwa bomba liko wapi. Aliuliza, "Kibla wapi?" Maana choo hakielekezwi kibla wala kibla hakipewi mgongo, choo kinakaa ubavu. Nyumba moja ya mwenye duka la vitambaa nilikuta fundi mwingine ameshalikaza sinki la choo, linaelekea kaskazini moja kwa moja, kiblani kabisa. Bibi mwenye nyumba alikuwa anakaa upande upande mwaka mzima, mpaka mgongo unamuuma. Nikaling'oa, nikaligeuza. Yule bibi aliniombea dua palepale mlangoni, nami nikatoka najiona fundi hasa.

Huyo fundi hasa ndiye aliyelijenga bafu la mke wake hovyo.

Ngoja nikaguse simenti. Bado.

Nyumba hii niliijenga kwa vipande vipande, jioni baada ya kazi, na bafu lilikuwa la mwisho. Idd ilikuwa imekaribia. Mke wangu alikuwa na Zuhura mchanga mgongoni, ameshafunga vyombo kwenye chumba tulichopanga, anataka kuhama. Kulikuwa na zege limebaki kibarazani, limeshaanza kushika. Nikalichota, nikamwaga sakafu kwanza na tundu baadaye. Nilijua ninachofanya. Nikajiambia nitarekebisha baada ya sikukuu.

Siku ya kwanza mke wangu kuoga humo, maji yalijikusanya karibu na mlango. Akaniita. "Baba Zuhura, maji hayaendi."

"Unamwaga mengi mno," nikamwambia.

Hilo ndilo jibu nililompa, mimi, mtu wa mabafu. Kesho yake akanunua ufagio.

Akafagia. Zuhura akaanza shule, akamaliza, akaolewa, mama yake anafagia. Kila anayeoga, chwa, chwa, chwa nyuma ya mlango. Mwanzoni sauti ile ilinichoma, nikawa nainuka naenda barazani. Baadaye niliizoea, na hilo la kuizoea ndilo linalonitia aibu zaidi.

Idd moja Foromani alikuja kula pilau kwetu. Alipomaliza akaomba kwenda bafuni. Nikamwambia letu limeharibika, nikamvusha uwani mpaka kwa jirani. Alinitazama tu. Akaenda, akarudi, akamaliza chai yake. Siku aliyostaafu, mbele ya mafundi wote, alinikabidhi ile gololi ya kijani. Watu wakapiga makofi. Yeye akanisogelea sikioni akasema, "Anza na kwako."

Sikuanza na kwangu. Niliibeba gololi ile mpaka na mimi nikastaafu. Nimeiweka kwenye sakafu za watu kutoka Pangani mpaka Muheza, nimewavunjisha vijana kazi zao kwa ajili ya kona moja, na nikirudi nyumbani naiweka juu ya kabati shati likienda kufuliwa. Bafu langu haikuligusa hata siku moja. Niliogopa kuiona ikisimama.

Miezi minne iliyopita, alasiri, mke wangu aliingia kutia udhu. Nikasikia kishindo. Nilimkuta kwenye yale maji, ubavu chini, ufagio bado mkononi. Nyonga ilivunjika. Hospitali wakamtia vyuma, Zuhura akaja kumchukua akamuuguze kwake. Nilipopiga simu kuuliza anarudi lini, alinijibu bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Bafu lile siingii tena, Baba Zuhura. Kama ni kukaa Muheza, nitakaa. Wajukuu wapo, machungwa yapo."

"Nitatafuta fundi."

"Si fundi tulikuwa naye humo ndani siku zote?"

Jioni Zuhura naye akapiga. "Shikamoo baba. Nikutafutie mafundi wawili?"

"Marahaba. Wasije."

"Baba, una miaka sabini."

"Na tindo ninalo."

Nikavunja mwenyewe, siku mbili nzima, kila mapigo kumi napumzika. Chini ya tundu nilikuta bomba la kutolea maji limekalia kipande cha tofali. Mimi ndiye niliyekitia pale, ili bomba linyanyuke lifikie sakafu iliyokuwa imeshashika. Kipande chenyewe kinaenea kiganjani. Nikakaa nacho chini nikalia, mtu mzima, kifusi kimenijaa magotini.

Kwa wanaotaka kujifunza: nililishusha bomba. Nikaweka kile kiwiko kinachobaki na maji ndani yake ili harufu isirudi. Nikamwaga zege nikianzia kwenye tundu, nikirudi nyuma. Kizingiti cha mlango nikakiondoa, mke wangu asije akalazimika kuinua mguu, na sakafu inashuka kuanzia pale pale mlangoni, kwa hiyo maji hayawezi kutoka nje. Zege liliposhika nikamwaga maji nikayatazama siku nzima. Mnaojifunza kwenye simu mnaruka hatua hii kwa sababu kwenye video inapita haraka.

Yakakauka, nikaitoa gololi. Kona tatu ilikwenda. Ya nne, ile ya karibu na mlango, ikasimama. Marumaru zingeficha. Mke wangu asingejua, Zuhura asingejua. Nikachukua tindo nikaivunja kona ile, nikaimwaga upya. Ndiyo hii simenti ninayoisubiri. Simenti inataka kuachwa, nami sijui kuacha. Ina alama za vidole vyangu kama mkate.

Nimerudi kuandika. Jumamosi imepita.

Kona ilishika, gololi ikaenda. Zuhura alinitumia picha za marumaru za kung'aa. Nikamwambia za kung'aa zikae ukumbini, bafuni nikaweka zenye mkwaruzo. Choo cha kuchuchumaa nilikuwa nimeshakitoa, nikaweka cha kukaa, ubavu kwa kibla, kwa ajili ya nyonga yake. Ukutani nikakaza bomba la chuma la kushikia, nikajining'iniza mwenyewe kulijaribu. Siku ya Ijumaa nililiosha bafu lile mara nne bila sababu.

Alikuja na bajaji kutoka stendi. Aliteremka na mkongojo wake, begi akaliacha ndani, akamwambia dereva asubiri. Nikaliona lile begi, nikajifanya sikuliona.

"Karibu," nikasema, kama mgeni.

Alikwenda moja kwa moja bafuni. Akasimama mlangoni, akaangalia juu, akaangalia chini. Halafu mkono wake ukaenda nyuma ya mlango, ukapapasa. Nadhani hata mwenyewe hakujua kama unakwenda.

"Ufagio uko wapi?"

"Nimeuchoma."

"Lete ndoo."

Nikaleta ndoo imejaa. Akalishika lile bomba la chuma la ukutani, akaimwaga ndoo yote kwa mpigo mmoja. Maji yakakimbilia kwenye tundu, yakaisha. Akangoja. Hakuna kilichobaki. Na mimi, kwa upumbavu wa kutaka kusifiwa, nikaitoa gololi mfukoni nikaipitisha kona zote nne. Ikabingirika vizuri mara zote. Nilikuwa bado nimechutama niliposikia sauti yake juu yangu.

"Hiyo ndiyo inayopimia?"

"Ndiyo. Ilikuwa ya Foromani."

"Unayo tangu lini?"

Ningeweza kusema uongo, alikuwa hajui. "Tangu alipostaafu. Zuhura alikuwa darasa la pili."

"Na humu hukuiweka."

"Sikuiweka."

"Ilikuwa mfukoni mwako, na mimi nafagia."

Nikainuka, maana nilitaka kumwangalia usoni. "Mama Zuhura, hukuwa unamwaga maji mengi. Sakafu ilikuwa mbaya, na nilijua tangu siku ya kwanza. Nisamehe."

Nje yule wa bajaji akapiga honi. Mke wangu akanyoosha kiganja, nikampa gololi. Akaigeuza geuza, akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Kamwambie ateremshe begi," akasema. "Honi za nini?"

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Wanadhani ni kukaa barazani. Kwangu imekuwa kuzipitia kazi zangu kichwani, bafu moja moja, na kujiuliza ni wapi nilipokimbia. Mkono bado unaitafuta gololi kwenye mfuko wa shati. Nikiiomba, mke wangu ananiambia mimi nimestaafu, sasa anakagua yeye. Jana nilimkuta uwani, kwenye sakafu anapofulia, ile niliyoimwaga wiki ileile ya Idd. Alikuwa ameiweka gololi kwenye kona na kukaa kwenye kigoda chake. Ilikuwa imesimama. Alinitazama tu, nami nikaenda kutafuta tindo.