Matuta ya Aritita Baada ya Maji ya Chumvi

Aritita alifundishwa kulisha shimo kabla hajafundishwa kusuka mkeka. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alimshusha binti yake shimoni, penye bwabwai, lile gimbi la majini linalomzidi mtu kimo. Akamwonyesha majani ya kukata, namna ya kuyapondaponda, na kikapu kisicho na kitako kinachozungushiwa shina ili majani yaoze humo taratibu na kuligeuza gimbi kuwa nene kama paja la mwanamume. Huko Nonouti, kisiwa chao, kila ukoo ulikuwa na elimu yake ya mashimo, na kumuuliza mtu ya kwao lilikuwa jambo la aibu. Ukipita jirani analisha shimo lake, unatazama kando na kusalimu kwa sauti, ajue upo.

Jirani yao alikuwa Nei Tebeio. Tangu enzi za babu zao, magimbi ya sherehe yalipopangwa kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, ya ukoo wa Tebeio yalikuwa ya pili, na ya kina Aritita ya kwanza. Tebeio hakulisahau hilo, na Mungu alimjalia ulimi wa kulikumbusha.

Aritita alipotimiza miaka arobaini na sita, bamvua kubwa lilikutana na upepo wa magharibi. Asubuhi moja bahari ilipanda ufuko, ikavuka njia, ikajimwaga mashimoni. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yamerudi, na kijiji kikashukuru kwamba hakuna aliyekufa. Wiki ya pili majani ya bwabwai yakaanza kugeuka manjano. Aritita alishuka, akapapasa gimbi alilolilea miaka saba. Vidole vikazama ndani yake kama kwenye uji. Akaketi ukingoni na matope yake ya chumvi hadi jua likamchoma, ndipo akaenda kuoga.

Msiba haukuja peke yake. Mwaka huohuo mumewe, Ioteba, alikatwa vidole viwili vya mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Aliporudi kutoka hospitali ya Tarawa, kisiwa kikuu, muuguzi wa zahanati ya kijiji alimwita Aritita kando.

"Mama, wali mpunguzie. Mikate ya unga na sukari kwenye chai, aache. Mpe samaki, mpe magimbi, na majani ya mboga kila siku."

"Magimbi yameoza, mwanangu. Na mboga nitazitoa wapi kwenye mchanga huu?"

Muuguzi aliinamisha macho akaendelea kukunja bandeji.

Siku kadhaa Aritita alilizungusha jambo hilo kichwani huku akifagia majani ya mshelisheli uani. Baba yake hakuwahi kulikuta shimo likiwa na rutuba. Udongo ule mweusi waliupika wao wenyewe, kizazi baada ya kizazi, juu ya mchanga mweupe wa matumbawe. Kama waliweza kuupika chini, kwa nini asiupike juu, maji ya chumvi yasikofika?

Nyuma ya nyumba palikuwa na mtumbwi wa Ioteba, umepasuka ubavu. Alikuwa akisema kila mwaka ataushona. Aritita alimsogelea alipokuwa amekaa na mguu wake juu ya mto.

"Baba Rereao, naomba mtumbwi."

Ioteba aliinua macho. "Unataka kwenda kuvua?"

"Nataka kupanda mboga."

Ioteba akaitazama bandeji ya mguu wake, kisha akautazama mtumbwi. "Chukua," alisema. "Ila usiukate. Ukae hivyo hivyo ulivyo."

Basi Aritita akauegemeza mtumbwi kwenye mawe, akapanga makumbi ya nazi ndani yake, chini kabisa. Juu yake akaponda makopo yenye kutu, maana mchanga wa kwao una njaa ya chuma, na mmea usipokipata hupauka. Akafuatisha majani ya mtini, mavi ya nguruwe, matumbo ya samaki, na udongo uliofagiliwa chini ya mshelisheli. Binti yao Rereao alituma mbegu za kabichi, matango na nyanya kutoka Tarawa. Za mapapai na maboga alizitoa jikoni mwake.

Mbegu zikaota, na baada ya siku kumi miche yote ikaungua. Mavi yalikuwa mabichi. Tebeio alikuwa anapita na ndoo.

"We Aritita, siku hizi unasafiri na mchicha? Mnakwenda kisiwa gani?"

"Popote usipokuwepo wewe."

Tebeio akacheka hadi akaweka ndoo chini. Aritita akamgeuzia mgongo, akaumwaga udongo wote, akaanza upya. Safari hii aliuacha mchanganyiko ukae miezi miwili chini ya makuti, akiumwagilia maji ya kuoshea samaki. Ukatoka mweusi, mwepesi, unanuka kama msitu baada ya mvua. Kabichi zikashika. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa na matuta matano yaliyozungushiwa magogo ya minazi, na mapapai yamejipanga kando ya jiko. Ioteba akawa analalamika kila mlo, "Nguruwe anakula kama mzungu, mimi nakula kama nguruwe," lakini sahani ilirudi tupu, na kidonda chake kikafunga.

Hapo ndipo Tebeio alipokuja tena, bila ndoo na bila mzaha. Alikuwa amekonda. Alisimama mbali kidogo na matuta, anatazama upande wa bahari kama adabu inavyotaka.

"Muuguzi amenipima," alisema. "Na mimi ninayo sukari. Macho yangu yameanza ukungu." Akakohoa. "Sikuja kuuliza kitu. Nimeona una makumbi mengi ya kubeba. Nina mikono."

Aritita alimwelewa vizuri sana: alitaka kujifunza bila kuuliza. Alimwambia aje kesho, kisha akaenda kwa baba yake mdogo, Kaitira, aliyebaki mkubwa wa ukoo tangu baba yake azikwe.

"Elimu ile si yako," Kaitira alisema, akiendelea kusokota kamba. "Kaka alikuazima. Utamgawia nani? Watu wa Tebeio?"

"Baba, mashimo yenyewe hayapo tena."

"Mashimo yatarudi. Siri ikitoka hairudi."

"Yule mwanamke anapofuka."

"Basi mpelekee kabichi. Mpe chakula, usimpe mkono uliokipika."

Aritita alirudi nyumbani na uzito kifuani. Kabichi angeweza kumpa, lakini kwa siku ngapi? Naye akiugua, au akifa? Asubuhi Tebeio alipofika, Aritita hakumweleza neno. Alimtwika makumbi, akamshikisha nyundo ya kuponda makopo, akafanya kazi yake polepole kuliko kawaida. Tebeio hakuuliza neno. Walikwenda hivyo wiki tatu, wakizungumza habari za watoto na mazishi tu, kisha Tebeio akaanza matuta yake mwenyewe nyumbani kwake.

Kaitira alijua, kijiji ni kidogo. Akaacha kupita uani kwa Aritita. Chakula alichopelekewa alikirudisha hakijafunuliwa. Miezi mitano ikapita namna hiyo, na Aritita alilia zaidi ya mara moja, kwa kuwa mzee huyo ndiye aliyembeba mgongoni utotoni.

Ukame ukaingia. Matuta ya Tebeio yakastahimili, ila majani yake yalikuwa na madoa ya manjano. Hata hivyo boga lake la kwanza likaiva. Hakumpelekea Aritita. Alilibeba mpaka kwa Kaitira, akaliweka mlangoni.

"Mzee, hili limetoka kwenu. Nimelirudisha kwao."

Kaitira aliendelea kusokota kamba. Tebeio akaondoka akidhani atalikuta njiani limetupwa.

Siku ya tatu mzee alitokea na fimbo yake, Tebeio na Aritita wakiwa wanapanga majani. Alisimama akiwatazama. Hakutazama kando wala hakusalimu.

"Nani kawafundisha kuweka majani mabichi?" alisema. "Yanyausheni kivulini siku tatu kwanza. Na hayo ya mtini yaende juu, si chini. Kaka alikufa hajakufikisha hapo, Aritita."

Aritita alisimama na fungu la majani mkononi. Hakujua kama aombe radhi au ashukuru. Mzee alikwisha kukaa juu ya gogo.

"Lile boga lilikuwa na maji mengi," akamwambia Tebeio. "Lakini nililimaliza."

Ruhusa hakutoa siku hiyo, wala hakuitoa hadi alipofariki miaka miwili baadaye. Alikuja tu kila asubuhi kuwakosoa. Tebeio hakupona macho, ila hayakuzidi kuharibika, na majani ya matuta yake yakawa kijani kibichi. Mvua kubwa zilipoyasuuza mashimo chumvi yake, Aritita alishusha miche minne ya bwabwai kujaribu. Tebeio alimshikia kikapu kisicho na kitako.