Diski Yangu Haigawanywi

Fundi wa kompyuta wa kwetu Mtoni ana dawa moja tu. Printa ikigoma, anapiga windo. Mashine ikiwa nzito, anapiga windo. Yaani anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, anakurudishia kompyuta nyeupe pee, halafu anangoja umshukuru. Mara ya kwanza nilimshukuru. Jioni ndipo nikagundua sauti za mama yangu zote hazipo.

Nilikuwa namrekodi mama kwa simu kule Kigamboni anakokaa na dada yangu, akinisimulia ujana wake Lindi, kisha nahamishia kwenye kompyuta ya steshenari yangu. Nilipomwambia zimefutika, alisonya, akasema mie na mashine yangu wote hatuna akili, akaanza kusimulia upya tangu mwanzo. Ilituchukua miezi mitatu. Tulipomaliza tu, kiharusi kikamkamata upande mmoja, kikaondoka na sauti. Sasa zikifutika tena, hakuna wa kuanza upya.

Basi nikaamua. Windows ibaki, maana fomu za watu na printa vinaitaka. Za mama zikae kwenye Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, ambako virusi vya flashi za wateja haviendi kirahisi. Nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikisubiri wateja. Kompyuta moja, mifumo miwili, ukiwasha unachagua.

"Mbona rahisi," fundi akasema. "Nunua diski moja kubwa, mie naigawa. Huku Windows, huku hiyo yako."

"Nataka diski mbili."

"Dada, unajisumbua bure."

Mume wangu naye akadakia: mbona sie wawili tunalala chumba kimoja na hatujafa? Wakacheka wote. Mie sikucheka, nilikasirika. Diski moja ikifa, inakufa na vyote. Fundi akiteleza, anafuta vyote. Hilo la pili sikulisoma mahali, lilinikuta.

Kariakoo nilikwenda peke yangu. Muuzaji akanitolea diski ya zile zinazozunguka ndani, imefungwa nailoni, anaapa ni mpya kabisa. Nikamwambia aichomeke tuone imeshafanya kazi kwa saa ngapi. Akanuna, akachomeka. Saa elfu ishirini na kitu. Ilitolewa kwenye kamera za ulinzi za mtu, ikafutwa vumbi, ikavalishwa nailoni.

"Kaka, hii ina umri mkubwa kuliko duka lako," nikamwambia, nikaondoka.

Duka la nne ndiko nilikopata SSD mbili, zile zisizozunguka: ndogo ya Windows, kubwa ya mama. Nikazifunga mwenyewe. Wakati naweka Linux nilichomoa kabisa waya wa ile ya Windows, ili nisije nikakosea nikaandika juu yake. Nikahamisha sauti za mama, na kwenye simu nikazifuta kwa kuwa ilishajaa. Nakala nyingine sikutoa. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kigamboni kumwogesha mama. Niliporudi steshenari mchana nikamkuta fundi kwenye kiti changu, mume wangu kasimama nyuma yake. Printa imegoma, wakaona wasinisubiri. Kwenye kioo, Windows inauliza kama ifomati diski ya pili, yaani iifute yote. Windows haijui kusoma diski ya Linux. Ikiiona inadhani haina kitu.

"Diski yako kubwa imekufa, dada," fundi akasema, kidole kiko juu ya mausi. "Ngoja niifufue."

Sikubishana naye. Niliinama nikachomoa waya wa umeme ukutani.

"Utaiunguza mashine," mume wangu akasema.

"Iungue."

Akasema namdhalilisha fundi wa watu mbele za wateja. Nikasema huyo fundi wa watu aanze kwa kuondoka kwenye kiti changu. Akaondoka. Nilichomeka waya, nikawasha, nikachagua Linux, nikafungua faili la kwanza na kupandisha spika mpaka mwisho.

"Hicho kidude chako kimewaka?" mama akauliza, kwa ile sauti yake kali, nzima, ambayo hatujaisikia tangu augue.

Mume wangu akavua kofia.

"Shikamoo mama," akasema. Lilimtoka tu, hakufikiri.

Mama akaendelea na habari za Lindi. Mkwewe kabaki pale pale, kofia mkononi, kichwa kakiinamisha, anasubiri kuitikiwa.

"Marahaba," nikamwitikia mie.