Hodi kwenye Banda la Mbwa

Yule mama wa pale kijijini Nanyala anayetunza mbwa wa wasafiri haingii banda lolote bila kufuta mikono kwenye kitenge na kupiga hodi. Mbwa akibweka, anavua kandambili na kuingia. Akinyamaza, anaondoka, hata kama uji aliomletea utapoa. Gwamaka, aliyetafuta pa kumwacha mbwa wake ili yeye aende Zambia, alitaka kwanza kulikagua banda. Mama akamwambia, "Kukagua kwa macho ndiyo nini, baba? Lala humo, uone kama mwenzio atapata usingizi." Gwamaka akajikunja kwenye majani makavu, na usingizi ukampitia. Alipozinduka, komeo lilikuwa limefungwa, na nje mama alikuwa akimwambia mbwa, "Nenda salama. Huyu nitamtunza." Kisha akafuta mikono, akapiga hodi. Gwamaka akakumbuka basi lake la saa nane, akameza aibu, akabweka.