Kipande cha Ngege

Kanuni ya Seline Adero ilikuwa fupi: samaki aliyemnunua kwa jasho lake alimla mzima, na alimla peke yake. Hakuwa mchoyo. Waliomjua kabla hajafiwa watakuambia kwamba nyumbani kwake Kano, karibu na Ahero, hata mpita njia aliyeingia kuuliza tu njia hakutoka bila kuonja kitu. Kula peke yake alilazimishwa na watu. Yeye aliichukua adhabu yao akaigeuza kanuni yake.

Mumewe Oduor, aliyekuwa akifungua na kufunga mifereji ya maji katika mashamba ya mpunga, alifariki mwaka wa 1990. Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka wazee walipomjia Seline na habari kwamba atarithiwa na Zadock, binamu ya marehemu. Zadock huyo alikuwa amekwisha kurithi wajane wawili. Wote wawili walikonda, wakakohoa, wakazikwa. Wanakijiji wakasema ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa, kwa sababu kulitaja gonjwa lile kwa jina lake kungewalazimu wamtazame Zadock usoni. Seline alimtazama usoni, akakataa.

Tangu siku hiyo akawa chi liel, mke wa kaburi. Mjane asiyerithiwa haingii nyumba ya mtu, hali chungu kimoja na watu, na hata kwao alikozaliwa hakanyagi. Hayo ndiyo waliyomwambia, na waliomwambia ni watu waliobatizwa, wenye viti vyao vya mbele kanisani. Mchungaji wao alihubiri dhidi ya pombe kila Jumapili mpaka sauti ikamkauka. Juu ya Zadock na makaburi yake mawili hakuwa na neno. Angelipataje, na mdomo wake ulikuwa umejaa kuku wa wazee wale wale?

Basi Seline akaitafuta riziki barabarani. Alinunua mchele Ahero, akaupeleka Maseno kwa wahadhiri na wenye maduka, na akirudi alishuka Kisumu, akaenda ufukweni kwenye hoteli ya mabati ya Mama Anyango. Aliketi kwenye meza ya mwisho, ile inayotazama maji, akaona mitumbwi ikienda na kurudi upande wa Dunga. Dunga ndiko alikozaliwa. Baba yake, mvuvi wa miaka mingi, alikuwa bado hai, lakini bintiye hakuruhusiwa kupita mlango wake.

Miaka hiyo mbuta, wale sangara wakubwa, wote wanono walipelekwa viwandani, nyama ikachunwa ikasafirishwa ng'ambo kwa watu wasiojua ziwa letu liko wapi, na sisi wenye ziwa tukauziwa mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa. Seline hakugusa mgongo wazi. Alitaka ngege, yule sato wa ziwani, mzima, aliyekaangwa kisha akachemshwa kidogo katika mchuzi wa nyanya na kitunguu. Alinawa kwenye beseni, akamega ugali wa mtama, akaanza na ile nyama laini nyuma ya kichwa. Kisha tumbo, penye mafuta. Akamgeuza taratibu asivunjike, akala upande wa pili, akanyonya kichwa mpaka mifupa ikawa myeupe. Mkia aliuacha mwisho kwa sababu ulikuwa mkavu na ulivunjika kwa sauti mdomoni. Hakuharakishwa na mtu. Kwa muda wa samaki mmoja hakuwa mke wa kaburi la mtu yeyote.

"Nyar Dunga," Mama Anyango alimtania, akimwita binti wa Dunga, "utakula na miiba?"

"Ukiwa umeipika vizuri, kwa nini nisiile?"

Mwaka wa 1994 binti yake wa pekee, Awuor, alipata mchumba, kijana wa Maseno aliyeitwa Dishon. Siku ya ujumbe wa mahari ikapangwa. Jamaa za Dishon wangekuja Kano, na mama wa msichana ndiye hupika, wageni wakala, na kule kula ndiko kukubali. Lakini wageni walikuwa wamesikia habari za Seline. Wakatuma neno: katika chakula cha chi liel hawatatia mkono.

Wazee wa Kano wakatafuta njia ya mkato, kwa maana hata wao hawakutaka kuikosa mahari. Wakamwambia Seline kwamba safari hii hawamlazimishi kulala na mtu. Inatosha Zadock aonekane mbele ya mashahidi akila naye kutoka sahani moja. Mtu akila na mjane sahani moja, amemchukua. Koti lake litatundikwa nyumbani kwa Seline, na mambo yamekwisha.

"Na baada ya koti?" Seline aliwauliza. "Atakuja kulivaa lini?"

Alijua jibu. Mwenye koti ukutani ana haki ya kuingia saa anayotaka, kuuliza mchele umeuzwa vipi, kupima shamba kwa macho, na siku moja kukilalia kitanda. Akawaambia hapana. Awuor alilia siku nzima.

Zadock hakungoja ruhusa. Juma lile lile, Seline akiwa mezani pake kwa Mama Anyango na ngege akitoa moshi mbele yake, aliingia na wanaume wawili wa Kano. Wale wawili wakasimama mlangoni. Yeye akavuta kiti, akaketi mbele ya Seline kama mtu aliyealikwa.

"Shemeji, habari ya safari?"

"Meza ziko nyingi, Bwana Zadock."

"Yawa! Mtu na shemeji yake wagawane meza?" Akawageukia wateja. "Mnamwona? Samaki mkubwa namna hii, na anakula peke yake kama paka!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Mgawie mzee, mama, asije akakulaani!"

"Mama Anyango," Seline akaita, macho yake hayakumtoka Zadock, "mletee bwana huyu samaki wake. Wa kwake mwenyewe, kwenye sahani yake."

"Sahani ya nini, na hii ipo?" Zadock akanyoosha mkono. Hakuwa amenawa. Akamega kipande nyuma ya kichwa, pale pale palipo laini, akakiinua juu ili wale wa mlangoni wakione.

Seline akamshika kifundo cha mkono kabla kipande hakijafika mdomoni. Mkono wake ulikuwa umezoea magunia, na wa Zadock ulikuwa umekwisha kuwa mwembamba. Mchuzi ukamtiririkia Zadock mpaka kiwikoni.

"Kiweke chini."

"Mama Awuor, usijiaibishe. Ni kipande tu. Mfikirie mtoto."

"Nimemfikiria. Nimewafikiria na wale wawili uliowazika. Kiweke chini!"

Zadock akajaribu kucheka, vidole vikalegea, kipande kikaanguka mezani. Seline akainuka na sahani yake. Samaki aliyeguswa na mkono ule hangemla, na hangemwachia pia. Akatoka nje, akamwaga ngege mzima, na ugali, na mchuzi, mbele ya mbwa wa ufukweni.

"Wuololo! Anatupa samaki!" mtu akapiga kelele, maana mjini kote watu walikuwa wakiguguna mgongo wazi.

"Mashahidi mmekuwa nyinyi," Seline akawaambia wale wawili wa mlangoni. "Semeni nyumbani aliyekula ni nani."

Wakasema. Zadock naye akasema yake, kwamba mjane amemkataa mbele za watu. Siku ya ujumbe Seline alipika tangu alfajiri: ngege, kuku, mchele wa Ahero uliopepetwa ukawa safi kabisa. Wageni waliketi, wakanywa soda zilizofungwa vizibo, wakatazama vyungu, wakaaga kwa heshima zote. Mazungumzo yakahamia nyumbani kwa Zadock, aliyesimama mahali pa marehemu, na huko wakala wakashiba. Ng'ombe wa mahari waliingia zizi la Zadock. Hakuna mzee hata mmoja aliyeona haya.

Awuor alifungasha nguo zake bila kumtazama mama yake. Mlangoni aligeuka.

"Mama, ilikuwa ni kipande tu cha samaki. Usingeweza kumwachia kwa ajili yangu?"

"Kingekuwa kipande cha samaki, ningemwachia."

"Nilikuomba."

"Uliniomba, mwanangu. Na hukuniambia ukweli wa unachoniomba."

Mwaka wa 1996 Zadock alifuata wajane wake kaburini, na kabla yake alikuwa amemtanguliza wa tatu, mwanamke mpole aliyeogopa wazee. Wazee wakasema ni chira. Hakuna aliyekwenda kumwambia Seline kwamba alikuwa na haki, na ng'ombe hawakurudi.

Seline aliendelea na safari zake, mwenye afya na mgongo ulionyooka, akala ngege wake kwenye meza ya mwisho. Maseno alipeleka mchele mpaka duka lililo karibu na nyumba ya Awuor, lakini ndani ya nyumba hiyo hakuitwa. Alizaliwa mjukuu, akaja wa pili, na wote aliwaona kutoka barabarani.

Kipande kile cha samaki alichomnyima Zadock kiliyaokoa maisha yake. Bintiye hakuwahi tena kula chakula alichokipika.