Jiwe la Chumvi Katikati Yetu

Nilikuwa na meno yote, miguu miwili iliyolingana, na mtoto mmoja. Naanzia hapo, mama zangu, kwa sababu vyote hivyo viliharibika asubuhi moja, na sipendi mtu anionee huruma kabla hajasikia kosa langu.

Niliolewa Bwera, kijiji cha mpakani, nyumbani kwa mzee Bwambale, aliyenunua chumvi ya ziwa la Katwe, sokoni Kabatoro, na kuiuza hadi ng'ambo ya mpaka. Mume wangu ni Hamisi, mwanawe wa mwisho. Reli ilipofika Kasese, Hamisi alikwenda kupakia kahawa na pamba kwenye mabehewa. Mimi nikabaki Bwera na baba mkwe na binti yangu Masika, mtoto wa mwaka na nusu, mwenye mashavu ya kujaa na hasira za mama yake.

Nilikuwa mkwe wa kusifiwa. Nikimwona baba mkwe njiani, napinda kichakani. Chakula chake nakiweka mlangoni, nabisha, naondoka. Kwetu mkwe hamgusi mkwe, na hata sisi tuliosilimu hatukuiacha desturi hiyo. Wazee walisema ukimgusa, mikono itakutetemeka mpaka unaingia kaburini. Nami sifa zile zilinipendeza, sitawaficha.

Masika akashikwa na homa. Siku ya tatu akapata degedege, macho yakageuka juu. Wa zahanati wakasema wao hawamwezi, apelekwe hospitali kubwa ya mgodi wa shaba. Gari lililokuwa linaondoka asubuhi ile ni lori la jirani yetu, askari wa zamani aliyepigana Burma. Sote tulimwita Afande. Jeshini alikuwa ameona magari yenye mikanda ya kumzuia mtu asianguke, naye akashona wake mmoja, mpana, wa turubai, akaukaza kwa boliti pande mbili za kiti cha abiria. Watu walimcheka. Walisema anayefungwa ni mbuzi, mfungwa na maiti. Afande hakujali. Mkanda ukining'inia, hawashi gari.

Nyuma magunia ya kahawa yalijaa mpaka juu. Ilibidi nikae mbele na baba mkwe, kiti kimoja, kwa kuwa Hamisi hakuwepo na mwanamke hawezi kusafiri peke yake na mgonjwa. Nikafikiri haraka. Nikachukua jiwe la chumvi ya Katwe lililofungwa kwa majani makavu, zito hata nililibeba kwa mikono miwili, nikalisimamisha katikati yetu.

"Hii ni nini?" Afande akauliza.

"Heshima," nikamjibu.

"Heshima iende nyuma na kahawa. Weka mutoto hapa katikati, akae kwa kiti yake. Mukanda iko moja, itapita juu yenu wote watatu."

Nikatazama chini. Mkanda mmoja na baba mkwe! Ningeuweka wapi uso wangu Bwera?

"Mufunge muzee," nikasema. "Mimi niko na mikono."

"Mikono yako iko na nguvu kushinda gari?"

"Ni mikono ya mama."

Baba mkwe alikuwa anatazama nje. "Afande, twende," akasema. "Mutoto anaungua."

Afande akamfunga yeye peke yake, akavuta mpaka mzee akaguna. Jiwe likabaki katikati, Masika mapajani pangu, naye akawasha gari.

Tulikuwa tunateremka kuelekea daraja la Nyamugasani. Masika alikuwa ananyonya. Nilisikia joto la kinywa chake, nikamshukuru Mungu kwamba amepata nguvu ya kunyonya. Tairi la mbele likapasuka. Lori likaenda upande, likaingia mtaroni, likagonga ukingo wa udongo na kusimama. Lori ndilo lililosimama. Sisi wawili tuliendelea na safari. Nawaambia kweli, sikumwachia. Nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote, naye akaniponyoka kama sabuni, akapita kwenye kioo. Nilipofungua macho mikono yangu ilikuwa bado imekumbatia, na ndani yake hamna kitu.

Uso wangu ulikuwa umepiga chuma. Nilitema meno manne. Jiwe la chumvi lilinifuata, likaniangukia pajani, mfupa ukatoka nje ya ngozi, mweupe. Chumvi ikaingia humo. Maumivu yale siyaelezi, sina maneno yake. Afande alivunjika mbavu kwenye usukani. Baba mkwe alibaki palepale alipofungwa. Alitoka na alama nyeusi tumboni, basi.

Nilizinduka kesho yake katika hospitali ya mgodini. Muuguzi alikuwa Mkenya, Akinyi, ambaye mumewe alifanya kazi mgodini. Nikamuuliza Masika yuko wapi. Alikaa kitandani pangu kabla ya kujibu, nami nikajua.

"Mama, mtoto alifia palepale barabarani. Walimzika jana, jua halijazama."

Maziwa yangu hayakuwa na habari. Saa ya kunyonya ilipofika yalitoka yenyewe, yakalowesha shuka. Kifua kikavimba, kikawa kigumu kama jiwe. Akinyi alikifunga kwa kitambaa kipana, nami nikapiga yowe wodi nzima ikanyamaza.

Mguu uliinuliwa, ukavutwa kwa kamba iliyoning'iniza mfuko wa mchanga. Mimi niliyekataa kufungwa asubuhi moja, nilifungwa miezi mitatu. Mgongo uliota vidonda. Paja likatunga usaha, likanuka hata jirani yangu akaomba ahamishwe kitanda. Daktari Mzungu akaja, akanusa, akasema na Akinyi, naye akanifasiria: "Anasema sindano zisipofanya kazi wiki hii, atakata."

"Mwambie asikate."

"Mama, ni mguu au ni wewe."

Nilitaka jambo moja tu duniani. Mwanangu sikumwosha, sikumvisha sanda, sikuona alipolazwa. Kaburi lake liko juu ya nyumba, kwenye mteremko ambako hata mbuzi hutafuta pa kukanyaga. Nilitaka kufika pale kwa miguu yangu mwenyewe. Sikutaka kubebwa na mtu, maana nilikwisha kuona kubebwa kunavyomfaa mtu. Akinyi alinichoma sindano za penisilini asubuhi na jioni, akanisafisha kidonda bila kukunja pua. Wiki ilipokwisha usaha ulipungua. Mguu ukabaki, mfupi kuliko mwenzake.

Siku zote hizo baba mkwe alikuja kila wiki na kusimama nje ya dirisha, akinipa mgongo. Hamisi alikuja jioni moja, akalia, akarudi kwenye mabehewa yake. Kamba ilipofunguliwa sikuweza kusimama. Akinyi alikuwa na wagonjwa wodi nzima, hakuwa na muda wa kunifundisha kutembea.

Alasiri moja baba mkwe akaingia ndani. Mkononi alikuwa na ule mkanda. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mama Masika," akasema, "siku ile wewe uko chini ya kiti, unamwaga damu. Mimi nasimama mulangoni, naita watu waje kukutoa. Watu iko mbali. Muda wote ule mimi niko pale, naogopa kukugusa. Naogopa mikono kutetemeka."

Hasira ilinipanda. Halafu nikakumbuka nani aliyeweka lile jiwe.

"Na mimi, baba, nilikupa mukanda ili nisifiwe. Kiti ya mutoto nikapa chumvi."

Akaukunjua mkanda. Kisha akanitupia ncha moja ya mkanda. "Shika."

Ndivyo nilivyojifunza kutembea. Yeye alishika huku, mimi kule. Siku ya kwanza nilifika mlangoni. Siku ya nne nilianguka, kidonda kikafunguka, nikalia, naye akangoja nimalize.

"Mzee, unamburuta kama ng'ombe!" Akinyi akamkaripia.

"Ng'ombe anajua njia ya nyumbani," mzee akajibu, wala hakuachia.

Siku ya kuondoka, Afande alikuja na lori. Mbavu zimeunga, kioo ni kipya. Akaufunga mkanda kwa boliti mahali pake. Nilipoweka mguu kwenye ngazi ya lori, nilijikojolea. Afande akageuka upande mwingine kama hajaona. Mungu ambariki.

Tulikaa. Katikati yetu hapakuwa na kitu, na nafasi ile ndogo ndiyo niliyoitazama. Baba mkwe akaupitisha mkanda juu ya mapaja yake, juu ya nafasi ile, juu yangu. Mkono wake ukagusa wangu.

"Baba, watu wanatuona."

"Heshima yetu tulizika na mutoto," akasema. "Funga."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Yangu pia.

Kaburini nilipanda mwenyewe, polepole, nikishika majani. Ni kilima kidogo cha udongo, chenye mawe matatu. Nilimwambia Masika kosa langu kwa sauti, mzee akisikia.

Namshukuru Mungu, namshukuru Akinyi, namshukuru mzee huyu ambaye sasa tunakula naye chombo kimoja, na wasemao waseme. Ninyi mnaosafiri na watoto, msijisifu kwa mikono yenu. Mikono ya mama ni ya kubembeleza, haiwezi kushindana na lori. Mtoto mpe nafasi yake, mfunge, nawe ujifunge, hata kama ubavuni mwako amekaa mkwe, shehe au mfalme.

Nimejaliwa binti mwingine, Biira, anaanza kutembea. Afande amemshonea mkanda wake mdogo, pale katikati. Hapendi kufungwa. Analia kutoka Bwera mpaka Kasese, abiria wananitazama vibaya, nami simfungui, namsikiliza anavyolia.