Korosho za Wifi Yangu

Enzi za ruksa, miaka ile biashara huria ilipofunguliwa, mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani, mie na wifi yangu tulikodi chumba cha mbele pale Mtoni, karibu na barabara ya Kilwa, tukaanza kutengeneza batiki. Wifi ndiye fundi. Mie kazi yangu ilikuwa kuyeyusha nta na kuzungumza na wateja, maana wifi akishika brashi hasemi na mtu.

Tulikuwa na leseni ya nguvukazi, ile ya wafanyabiashara wadogo, na ada yake tuliimudu. Balaa lilianza tulipopata wateja. Mitumba ilikuwa imejaa kila kona, lakini wanawake walitoka mpaka Mbagala kuja kwetu, kwa sababu kitambaa chetu hukikuti kwa mwenzio. Tukaona tuweke kibao mlangoni. Haikupita wiki akaja ofisa wa leseni na mgambo wawili.

"Kuna chumba, kuna kibao, kuna vitambaa vimetundikwa," akasema. "Hili ni duka la nguo. Leseni yenu siyo ya duka."

Ada ya duka la nguo ilikuwa ile ile wanayolipa wenye maduka makubwa ya mjini. Ingemeza mtaji wetu wote. Jirani yetu, mzee wa Kiarabu aliyerithi duka kwa baba yake, akatoka kututetea.

"Hawa si wauza nguo, bwana. Hata kitambaa cheupe wananunua kwangu. Wao wanatia nakshi tu."

Ofisa alimsikiliza kwa adabu, kisha mgambo wakaviangua vitambaa kwenye kamba, vingine vibichi bado, wakaondoka navyo.

Mume wangu alipopata habari akashauri tuache, tukaange mihogo. Nilikuwa karibu kukubali. Wifi alikuwa anasugua sufuria ya nta kwa hasira, hata majivu yanaruka.

"Kesho tunakwenda ofisini," akasema. "Na jiko."

Nilidhani anatania. Asubuhi nikamkuta kajitwisha jiko la mafuta ya taa, mie akanipa beseni, sufuria, nta, rangi na kipande cha kitambaa cheupe. Watu njiani wakatuuliza tunahamia wapi.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia ofisa.

"Marahaba. Mmeleta ada?"

"Tumeleta kazi," nikamwambia. "Sie mafundi, mzee, si wenye duka."

Akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka kudanganywa. "Mama, kila anayeingia hapa ananiambia yeye fundi. Nitajuaje?"

"Utatuona," wifi akadakia. "Tupe uwanja tu."

Ofisa akacheka, akatuonyesha mahali karibu na bomba. Nikawasha jiko. Kwa papara nta ikanimwagikia kidoleni, lakini harufu yake ilipopanda nikatulia. Wifi akatandika kitambaa chini, akaanza kuchora korosho kwa nta, moja baada ya nyingine, kama yuko uani kwake. Waliokuja kulipa ada zao wakaacha foleni, wakatuzunguka.

Alipokichovya kitambaa kwenye rangi ya buluu, kikatoka kijani kama kisamvu.

"Kimeharibika!" mtu akapiga kelele, watu wakaangua kicheko.

"Subirini kipigwe na upepo," nikawaambia.

Wakasubiri. Kijani kikaanza kufifia mbele ya macho yao, buluu ikapanda taratibu toka kwenye pindo, na mama mmoja akapiga kigelegele. Tulipokichemsha nta ikatoka, korosho zikabaki nyeupe, zina mishipa myembamba ya buluu.

Ofisa akakishika, akakigeuza. "Hii mishipa umeichoraje?"

"Sijaichora, mzee. Nta ikipata nyufa, rangi inapenya. Hata nikirudia, haiji ile ile."

Akaingia ndani kwa mkubwa wake. Tulikaa pale juani, mie nikisoma dua kimoyomoyo. Alipotoka, nyuma yake walikuwa mgambo wamebeba vitambaa vyetu vyote.

"Hii ni kazi ya mikono," akasema. "Bakini na nguvukazi yenu. Andikeni kwenye kibao kwamba ni mafundi, nisisumbuliwe tena."

Nilimkumbatia wifi palepale, na beseni mkononi. Yule mama wa kigelegele alitaka kukinunua kitambaa cha korosho kikiwa kinachuruzika maji, na wengine wawili wakaagiza cha kwao kabla hatujazima jiko.

Habari ilifika Mtoni kabla yetu. Mchonga vinyago na fundi wa mikoba ya ukili, ambao nao walikuwa wametakiwa kulipa ada ya duka, wakaja kutuuliza tulifanyaje. Tukaongozana nao mpaka ofisini, mchonga vinyago na gogo lake begani.

Ofisa alituona tukiingia getini, akatoka mbio.

"Jamani, gogo liacheni nje! Nimeshaelewa!"

Mafundi wale wote wawili walirudi na nguvukazi zao, na njia nzima wifi, mtu asiyependa maneno, aliimba kwa sauti.